Kuzuru ili Kujenga: Usimamizi wa Wachungaji wa Saksonia, 1527–1529

1. Utangulizi

Usimamizi wa watumishi wa Kanisa hujadiliwa mara nyingi kwa lugha ya ofisi: mishahara, uhamisho, taarifa za mwaka na nidhamu. Mambo hayo ni ya lazima, wala hakuna Kanisa liwezalo kuendelea bila hayo. Hata hivyo liko swali linaloyatangulia yote, nalo ni la kitheolojia kabla halijawa la kiutawala. Yeye aliyewekwa juu ya watenda kazi wenzake huwaendea kwa shabaha gani? Je, huwaendea ili auone upungufu wao na kuuandika, au huwaendea ili auone upungufu huo na kuuziba pamoja nao?

Kiswahili kinatusaidia hapa, maana kinatofautisha kukagua na kuzuru. Anayekagua hutafuta kujua kama kazi imefanyika. Anayezuru huja kwanza kumwona mtu. Ziara ya kiongozi katika usharika yaweza kuwa mojawapo ya hayo mawili, na wenyeji hutambua upesi imekuwa ipi.

Makala hii inalichunguza swali hilo kwa njia ya historia, kwa kutazama ziara zilizofanyika katika sharika za Saksonia, Ujerumani, kati ya 1527 na 1529. Ziara hizo zinakumbukwa hasa kwa sababu zilizaa Katekisimo Ndogo ya Martin Luther. Lakini zilikuwa pia jaribio la kuwasimamia wachungaji wengi waliokuwa dhaifu, maskini na wasio na elimu, bila ya kuwatupa. Tutaona yaliyofaulu katika jaribio hilo, na pia yale yaliyoliharibu.

2. Hali ya wachungaji baada ya 1525

Ili kuwaelewa wachungaji hao, yafaa tukumbuke jinsi walivyoingia katika utumishi. Wengi wao walikuwa mapadre wa Kanisa la zamani. Padre wa kijijini hakusoma chuo kikuu. Alijifunza kazi yake kwa kumfuata padre mwingine, akasoma Kilatini kidogo, akajua namna ya kuadhimisha misa, kubatiza, na kuzika. Kuhubiri kila Jumapili hakukuwa sehemu kubwa ya wajibu wake. Kisha yalikuja Matengenezo ya Kanisa, na katika muda wa miaka michache mtu yule yule, katika nyumba ile ile, akatakiwa afanye kazi nyingine kabisa: afafanue Maandiko kwa lugha ya watu, awafundishe watoto, na kuwashauri wenye dhamiri zilizosumbuka. Alibadilishiwa kazi, lakini hakuna aliyemfundisha kazi hiyo mpya.

Pamoja na hayo riziki yake ilikatika. Mapato ya padre yalitokana na fungu la kumi, mashamba ya Kanisa, na ada mbalimbali, zikiwemo zile za misa za wafu. Misa hizo zilipokoma, ada zake zilikoma pia. Wako wakulima waliosikia mahubiri ya uhuru wa Mkristo wakadhani ni uhuru wa kutotoa chochote, na wako makabaila waliotwaa mashamba ya Kanisa kwa faida yao. Vita vya Wakulima vya 1525 viliongeza uharibifu huo. Baadhi ya wachungaji walilima na kupika pombe ya kuuza ili waweze kulisha watu wa nyumbani mwao. Wengi walikuwa na wake na watoto, nao walikuwa kizazi cha kwanza cha familia za wachungaji katika nchi ile, wakiishi katika nyumba zilizojengwa kwa ajili ya mtu mmoja.

Maaskofu wa zamani hawakuwa tayari kuwasaidia watu waliojitenga na Roma, na uongozi mpya ulikuwa bado haujawekwa. Kwa hiyo, kwa miaka kadhaa, mchungaji wa Saksonia alikuwa mtu asiye na msimamizi. Alipofanya vema hakuna aliyemwona, na alipokosea hakuna aliyemwonya.

3. Shauri la Luther na watu wanne

Mtawala Mteuzi Friedrich wa Saksonia alifariki mwezi Mei 1525, na nduguye Johann akashika nafasi yake. Tarehe 31 Oktoba mwaka huo huo Luther alimwandikia Johann kwamba sharika zilikuwa katika hali mbaya, kwamba watu hawatoi wala hawalipi, na kwamba Neno la Mungu lingeanguka kwa kukosa wahudumu kama jambo hilo lisingeshughulikiwa. Alirudia ombi lake mwezi uliofuata. Baada ya Mkutano wa Speyer wa 1526, ambao uliwaachia watawala nafasi ya kutenda katika mambo ya dini kama watakavyoweza kujibu mbele za Mungu na Kaisari, njia ilifunguka.

Katika barua yake ya tarehe 22 Novemba 1526 Luther alitoa shauri lililo wazi. Watumwe watu wanne: wawili wenye ujuzi wa mapato na mali, na wawili wenye ujuzi wa mafundisho na wa watu. Mpango huo unastahili kuangaliwa kwa makini. Luther hakutaka wachungaji wapimwe katika mafundisho yao na watu wasiojua kama wana chakula, wala hakutaka mali ya sharika ipangwe na watu wasiojua kazi ya mchungaji ni nini. Tumbo na mimbari viliwekwa katika ziara moja.

Maagizo ya Mtawala Mteuzi yalitolewa mwezi Juni 1527, na ziara zikaanza mwezi Julai. Miongoni mwa wale wanne wa kwanza walikuwamo Hans von der Planitz, aliyekuwa kabaila. Hieronymus Schurff, mwanasheria ambaye mwaka 1521 alisimama pamoja na Luther huko Worms. Na Philipp Melanchthon, mwalimu wa chuo kikuu aliyekuwa na umri wa miaka thelathini. Melanchthon hakuwahi kuwekewa mikono kuwa mchungaji maisha yake yote. Alijifunza hali ya wachungaji kwa kuwaendea makwao.

Luther mwenyewe aliingia katika kazi hiyo mwezi Oktoba 1528, akazizuru sharika za eneo la Wittenberg hadi miezi ya kwanza ya 1529. Yale aliyoyaona aliyaeleza katika dibaji ya Katekisimo Ndogo kwa maneno ya uchungu: watu wa vijijini hawakujua lolote la mafundisho ya Kikristo, na wachungaji wengi hawakuweza kuyafundisha. Mfano mmoja unasimuliwa mara nyingi, nao unahusu kijiji cha Elsnig karibu na Torgau. Mchungaji mzee wa hapo aliweza kwa shida tu kuikariri Sala ya Bwana na Imani, lakini sifa zake za kupunga pepo zilikuwa zimeenea mbali.

Katika dibaji hiyo yako mambo mawili ambayo hayapaswi kutenganishwa. Luther hauficha ujinga wa wachungaji, na lugha yake ni kali. Lakini anapotafuta wa kulaumiwa kwanza, hasemi na mchungaji wa kijijini. Anawageukia maaskofu, waliopewa wajibu wa kuwaangalia watu hao nao wakauacha. Kwake yeye upungufu wa mtenda kazi ni mashtaka juu ya msimamizi wake kabla haujawa mashtaka juu ya mtenda kazi mwenyewe.

4. Mwongozo wa 1528

Mwezi Machi 1528 ulichapishwa Mwongozo kwa Wazuru, ulioandikwa na Melanchthon na kutanguliwa na dibaji ya Luther. Dibaji hiyo ni mojawapo ya maandishi mafupi yanayofundisha sana juu ya usimamizi katika Kanisa.

Luther anaanza kwa kuonyesha kwamba kuzuru ni kazi ya kimitume. Petro aliwazunguka waumini wa nchi ya Wayahudi (Mdo 9:32), naye Paulo alirudi pamoja na wenzake kuwaona ndugu katika miji walikohubiri (Mdo 15:36). Hiyo, asema, ndiyo asili ya kazi ya askofu, maana neno lenyewe katika Kiyunani lina maana ya mwangalizi. Kisha anaeleza jinsi kazi hiyo ilivyoharibika. Askofu alikuwa bwana mkubwa, akaikabidhi ziara kwa aliye chini yake. Huyo naye akamkabidhi mwingine. Mwishowe ikawaangukia maofisa waliokaa mahakamani wakiwasumbua watu kwa hati za kuitwa na madai ya fedha. Aliyepaswa kwenda aliketi, na waliopaswa kuzuriwa ndio walioitwa waje. Historia hii fupi ya kuharibika kwa cheo yaweza kusomwa leo bila ya maelezo mengi.

Jambo la pili katika dibaji hiyo ni namna Mwongozo wenyewe ulivyotolewa. Luther anasema kwamba hautolewi kama amri kali, wasije wakatunga sheria mpya za kipapa, bali kama habari ya mambo yaliyotendeka na kama ushuhuda na ukiri wa imani. Anatumaini kwamba wachungaji wema wataupokea kwa hiari. Ni kweli kwamba anaongeza onyo kwa wale watakaoukataa kwa ukaidi bila sababu njema, nasi tutalirudia onyo hilo baadaye. Lakini mpangilio wake ni huu: kwanza ushawishi, kisha subira, na nguvu mwisho.

Mwongozo unaonyesha subira hiyo pia katika yaliyomo. Wahubiri wanatakiwa kufundisha toba na imani pamoja, na wasitumie mimbari kumtukana Papa na maaskofu pasipo sababu. Wale ambao dhamiri zao zilikuwa bado dhaifu juu ya kupokea kikombe katika Meza ya Bwana waliruhusiwa kuvumiliwa kwa muda huku wakifundishwa. Mchungaji aliyesimamiwa kwa subira alifundishwa naye kuwa na subira kwa waumini wake. Si rahisi kumtaka mtu awalee wengine kwa upole wakati yeye mwenyewe analelewa kwa kemeo.

Kwa ajili ya kuiendeleza kazi hiyo baada ya wazuru kuondoka, Mwongozo uliweka cheo cha msimamizi. Huyu alikuwa mchungaji wa usharika kama wenzake, aliyepewa jukumu la kuwaangalia wachungaji wa eneo lake. Mchungaji akionekana anakosea katika mafundisho au mwenendo, msimamizi alipaswa kumwita, kumwonya na kumfundisha. Asipogeuka, ndipo habari zifikishwe kwa ofisa wa Mtawala Mteuzi. Tena mtu aliyependekezwa kuwa mchungaji alipaswa kwanza kuletwa kwa msimamizi ili apimwe kama anafaa. Hivyo msimamizi alikutana na mtumishi mlangoni, siku ya kuanza kazi, kabla ya siku yoyote ya kosa.

Yafaa pia kutaja namna mgogoro wa wasimamizi wenyewe ulivyotatuliwa. Makala za kwanza za Melanchthon zilipojulikana mwaka 1527, Johann Agricola wa Eisleben alizishambulia, akisema kwamba Melanchthon alitia mkazo mno juu ya sheria katika mafundisho ya toba. Mtawala Mteuzi aliwaita wahusika Torgau mwezi Novemba 1527. Luther hakumfedhehesha hata mmoja wao. Maneno yalirekebishwa, na kwa wakati ule amani ikapatikana. Ugomvi huo uliibuka tena baada ya miaka kumi. Hata hivyo mwaka 1527 wachungaji waliokuwa wakingoja mwongozo hawakuachwa katikati ya wakubwa wao wanaogombana.

5. Katekisimo kama chombo cha kazi

Baada ya kuuona ujinga wa wachungaji, Luther angeweza kuandika orodha ya makosa. Badala yake aliandika kitabu walichokihitaji.

Katekisimo Ndogo ilianza kutoka mwezi Januari 1529 kwa karatasi za kubandikwa ukutani, na mwezi Mei ikatoka kama kitabu. Kabla ya kuwapa wengine chombo hicho, Luther alikuwa amekitumia mwenyewe. Mwaka 1528, wakati Johannes Bugenhagen, mchungaji wa Wittenberg, alipokuwa safarini kaskazini, Luther alihubiri juu ya katekisimo mara tatu katika mafululizo matatu, mwezi Mei, Septemba, na mwishoni mwa mwaka. Kwa hiyo mchungaji wa kijijini alipewa kitu kilichokwisha kujaribiwa mbele ya waumini wa kawaida, na watoto, na watumishi wa nyumbani.

Dibaji ya kitabu hicho imeandikwa kwa wachungaji na wahubiri walio wa kawaida, nayo inaingia katika mambo madogo ya kazi. Mchungaji achague maneno ya aina moja ya Amri, Imani na Sala, na asiyabadili mwaka hadi mwaka, kwa maana vijana na watu wasiosoma huchanganyikiwa upesi. Akiisha kuwafundisha maneno, awafundishe maana. Achukue amri moja baada ya nyingine bila ya haraka, akitia mkazo juu ya ile inayohitajiwa zaidi na watu wa mahali pake. Ushauri wa namna hiyo hutolewa na mtu anayejua kazi na anayemheshimu anayeifanya.

Katekisimo haikuwa peke yake. Luther alikuwa amekwisha kutoa kitabu cha mahubiri, kilichoanzishwa alipokuwa Wartburg, na mchungaji asiyeweza kutunga mahubiri aliweza kuyasoma hayo kanisani. Kilikuwapo kijitabu cha ubatizo cha 1526, na mwaka 1529 kikatoka kijitabu cha ndoa. Tukiviweka vyote pamoja tunaona mpango wa kumsaidia mtumishi: kila mahali ambapo kazi ilimshinda, kiliwekwa kitu cha kumshika mkono. Kuna wanaodhani kwamba kumpa mtumishi mahubiri yaliyoandikwa ni kumfanya mvivu. Luther aliujua uvivu huo, na katika dibaji ndefu ya Katekisimo Kubwa ya 1530 aliukemea kwa nguvu. Lakini aliwakemea baada ya kuwapa chombo. Utaratibu huo una haki ndani yake.

6. Riziki, nyumba, na uzee

Wazuru waliandika mapato ya kila usharika, wakachunguza ni nani aliyetwaa mashamba ya Kanisa, wakawahimiza waumini kutoa, na wakaagiza nyumba za wachungaji zitengenezwe. Mahali pengine sharika ndogo ziliunganishwa ili mchungaji mmoja aweze kuishi. Mchungaji aliyeona watu wa Mtawala Mteuzi wakilisemesha baraza la kijiji juu ya paa lake linalovuja alipata jambo moja ambalo hotuba ya kumtia moyo isingeweza kumpa: alijua kwamba yuko anayesema kwa niaba yake mahali ambapo yeye mwenyewe angeonekana mwombaji. Wahenga walisema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Swali gumu zaidi lilikuwa la wazee. Wako wachungaji waliokuwa na umri mkubwa mno kuweza kujifunza kazi mpya. Kuwaacha kulikuwa ni kuwadhulumu waumini. Kuwafukuza kulikuwa ni kuwatupa watu waliotumika maisha yao yote. Maagizo ya 1527 yalielekeza kwamba wazee wa namna hiyo wapewe kitu cha kuwasaidia watakapoondolewa, wasitupwe katika umaskini. Hatusemi kwamba jambo hilo lilitekelezwa vizuri kila mahali. Tunasema tu kwamba lilifikiriwa, na liliandikwa, katika mwaka ambao hazina ilikuwa na mahitaji mengi.

Bugenhagen aliyaendeleza mambo haya katika katiba za Kanisa alizoziandika kwa ajili ya Braunschweig mwaka 1528, Hamburg mwaka 1529, na miji na nchi nyingine baadaye. Katika katiba hizo mishahara ya wahubiri na walimu, masanduku ya pamoja, na matunzo ya maskini yanapangwa pamoja na ibada na mafundisho. Kwa Bugenhagen, kupanga mshahara wa mwalimu kulikuwa sehemu ya kuipanga Injili ihubiriwe.

7. Wasimamizi nao walitiwa moyo

Historia hii isingekuwa kamili kama tungewaonyesha wasimamizi kuwa watu wasiochoka. Tarehe 6 Julai 1527, mwezi ule ule ziara zilipoanza, Luther aliugua kwa ghafla hata wenzake wakadhani atakufa. Bugenhagen alikuwa mchungaji wake, akasikia ungamo lake na kumfariji, na katika miezi iliyofuata, Luther alipozongwa na majaribu ya moyoni, Bugenhagen alibaki karibu naye.

Baadaye mwaka huo tauni iliingia Wittenberg. Chuo kikuu kilihamia Jena, lakini Luther na Bugenhagen wakabaki. Katika kijitabu alichomwandikia Johann Hess wa Breslau juu ya swali la kuikimbia tauni, Luther alisema kwamba wahubiri na wachungaji wanapaswa kukaa pamoja na watu wao. Lakini aliongeza kwamba mahali palipo na wahubiri wa kutosha, nao wakakubaliana kwamba baadhi yao waondoke, kuondoka huko si dhambi, maana haifai wote wahatarishwe bila ya lazima. Katika maneno hayo wajibu unabaki na uzito wake, na uhai wa mtumishi unahesabiwa kuwa kitu cha thamani. Aliyeandika hivyo alikuwa amechagua kubaki, na kwa sababu hiyo aliweza kuwaruhusu wengine waende.

8. Mipaka na upungufu

Haitupasi kuzisifu ziara hizi kupita kiasi. Kwanza, zilisimama juu ya mamlaka ya serikali. Luther alimwomba Mtawala Mteuzi afanye kazi hiyo kwa upendo wa Kikristo, kwa sababu hapakuwa na maaskofu wa kuifanya, naye alijua kwamba mtawala hakupewa na Mungu kazi ya kufundisha. Lakini mlango uliofunguliwa kwa dharura haukufungwa tena. Maagizo ya 1527 yaliwataka wale walioyakataa mafundisho mapya, na wale waliofundisha kinyume juu ya sakramenti, waondoke nchini. Mchungaji aliyeshika imani ya zamani kwa dhamiri safi hakuona upole mwingi katika ziara hiyo. Kutiwa moyo kulikuwa kwa ajili ya waliokubali.

Pili, jinsi miaka ilivyopita, ziara zilizidi kuwa za ofisi. Baraza la Kanisa lililoanzishwa Wittenberg mwaka 1539 lilikuwa na wanatheolojia na wanasheria, na kazi yake ilifanana na ya mahakama. Maswali ya wazuru yaliongezeka, na waumini waliulizwa habari za mchungaji wao, naye mchungaji akaulizwa habari za waumini wake. Hatari ambayo Luther aliieleza mwaka 1528, ya ziara kugeuka hati za kuitwa, ilirudi polepole kupitia mlango wa nyuma.

Tatu, matunda yenyewe yanabishaniwa. Mwaka 1978 mwanahistoria Gerald Strauss, akitumia taarifa za ziara za karne ya 16, alidai kwamba jitihada za kuwafundisha watu wa kawaida zilishindwa kwa sehemu kubwa: wazuru waliendelea kuandika, kizazi baada ya kizazi, kwamba watu hawajui na hawajali. Wengine, kama James Kittelson, walimjibu kwamba hali haikuwa hivyo kila mahali, na Strasbourg ikatajwa kuwa mfano. Kwa maoni yetu, yafaa kukumbuka aina ya maandishi yanayotumika katika mabishano hayo. Taarifa ya ziara huandikwa ili kuonyesha penye tatizo. Mchungaji aliyefanya kazi yake vema kwa miaka ishirini aweza kupata mstari mmoja, na mlevi mmoja akapata kurasa tatu. Hilo ni onyo kwa mwanahistoria, na ni onyo kwa kiongozi pia. Mwenye kuandika makosa peke yake atakuja kuamini kwamba hakuna kitu kingine.

Lakini juu ya wachungaji wenyewe tunaweza kusema zaidi. Kuanzia 1535 watu waliwekewa mikono Wittenberg baada ya kupimwa, na kitabu cha majina kilichoanzishwa mwaka 1537 kinaonyesha kwamba miongoni mwao walikuwamo wachapaji, wafumaji na watunza makanisa. Kanisa lililokuwa na wasimamizi na vyombo vya kufundishia liliweza kumpokea mtu wa kazi za mikono na kumlea awe mhubiri. Katika vizazi vilivyofuata, wachungaji waliosoma chuo kikuu walizidi kuongezeka. Wale dhaifu wa 1527 walilishika daraja mpaka wengine wakavuka.

9. Hitimisho

Kanisa la Kilutheri katika Tanzania limerithi mengi katika utaratibu huu. Wamisionari wa Leipzig waliofika Machame mwaka 1893 walikuja na Katekisimo ya Luther, na kazi ya mkuu wa jimbo katika Kanisa letu inafanana sana na ile ya msimamizi wa Mwongozo wa 1528: mchungaji kati ya wachungaji, aliyepewa kuwaangalia wenzake. Tumerithi pia tatizo lile lile. Wamisionari wengi wa Kijerumani walipoondolewa kaskazini mwa nchi mwaka 1920, sharika za Kilimanjaro zilibaki mikononi mwa walimu wa Kiafrika ambao hawakuwa wamewekewa mikono, na Injili haikuzimika. Hata leo, katika mitaa mingi, anayesimama mbele ya waumini Jumapili ni mwinjilisti, mwenye mafunzo machache na posho ndogo. Kanisa linamwegemea kila juma. Je, linamzuru mara ngapi?

Historia ya Saksonia haitupi kanuni ya kunakili, lakini inatufundisha kuuliza maswali kwa mpangilio ulio sawa. Mtumishi anaposhindwa kazi, swali la kwanza ni kama alifundishwa kazi hiyo. La pili ni kama amepewa vyombo. La tatu ni kama anakula, na kama nyumba yake haivuji. La nne ni kama yuko aliyemwendea kabla ya siku ya kosa. Hayo yakiisha kujibiwa kwa uaminifu, ndipo kiongozi awe na haki ya kuuliza juu ya uvivu na ukaidi, kwa kuwa uvivu na ukaidi vipo, na Luther hakuvifumbia macho. Tukianza na swali la mwisho tutakuwa maofisa wa mahakama waliolaumiwa katika dibaji ya 1528, hata kama tunavaa kola ya kichungaji.

Mtume Petro anawaandikia wazee wa Kanisa akijiita mzee mwenzao (1 Pet 5:1–4), na anawakataza kulitawala kundi kwa ubwana, akiwakumbusha kwamba yuko Mchungaji Mkuu atakayekuja. Kila msimamizi, basi, anasimamiwa. Atatoa hesabu ya sharika zake, na katika hesabu hiyo majina ya watenda kazi wake yatakuwamo.